Isome Kabla ya Kuipaka Rangi

Mwenye Land Rover kuukuu mjini Isiolo akipata vijisenti, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuipeleka kwa fundi wa bodi: ipigwe msasa, ijazwe puti, ipuliziwe rangi mpya. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Lakini kwa wapenzi wengi wa magari ya kale, gari lenye rangi yake ya kwanza, hata kama imefifia na kubanduka, lina thamani kuliko lililong'arishwa juzi. Rangi mpya hununuliwa siku yoyote. Ile ya kiwandani ikishakwanguliwa, hairudi.

Msimamo huo umo katika Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale. Mkataba unatanguliza kuhifadhi gari lilivyo kuliko kulifanya upya. Hapa Kenya mng'aro bado una nguvu: katika Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, waamuzi hukagua usafi na hali ya gari hadi uvunguni.

Isiolo inatufaa kwa somo hili kwa sababu mbili: kazi iliyofanywa na magari yake, na ukavu wa hewa yake. Kabla ya lami kufika Moyale, safari ya takriban kilomita 500 kwenda mpakani ilikuwa ya changarawe, vumbi na makorongo. Magari yaliyopita huko yalirudi na alama.

Alama hizo zinategemea aina ya metali. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Alumini ikikwaruzwa, hewa huifunika mara moja kwa utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Ndiyo maana sehemu iliyobanduka rangi hubaki ya kijivu miaka mingi bila kuoza. Chuma hakina kinga hiyo. Kutu yake hupitisha maji na hewa, na chuma huendelea kulika. Ukavu wa Isiolo huipunguza kasi. Chumvi ya upepo wa bahari kule Mombasa huichochea. Rangi yenyewe huchakazwa na jua, ambalo huvunja gundi inayoshika chembe zake. Pitisha kiganja kwenye boneti na utabaki na unga.

Sasa tazama mlango wa dereva. Pale kiwiko cha kulia kinapoegemea, rangi imelika tabaka kwa tabaka: nyeupe, kijani chini yake, kisha alumini tupu. Umeshajua kwamba gari lilibadilishwa rangi, na kwamba dereva alizoea kusafiri dirisha likiwa wazi. Nyuma, sakafu ina mikwaruzo ya kwato za mbuzi na madebe ya maji. Mpira wa pedali ya klachi umelika upande mmoja. Piga puti na rangi, na maelezo yote hayo yamefutika.

Kwa kuwa uchakavu umepata bei, wapo wanaoughushi kwa msasa na asidi. Utawajua kwa mpangilio. Uchakavu wa kweli hufuata mikono, miguu, mizigo na jua. Wa bandia husambaa hata pale pasipoguswa na chochote.

Haya si ruhusa ya kuendesha gari bovu. Breki, usukani, tairi na taa havina mjadala: vikiharibika vitengenezwe. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na pengine nyundo ikatokea upande wa pili. Kagua pia pale alumini inapokutana na chuma, kwani unyevu ukiingia kati yao alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Kiraka kilichochomelewa njiani miaka mingi iliyopita kiache, mradi kimeshika.

Utunzaji wenyewe si wa gharama kubwa. Osha matope uvunguni kila baada ya mvua. Kutu inayoendelea kula ikwanguliwe mahali pake tu, ipakwe dawa, kisha mafuta au nta. Kabla ya fundi kugusa chochote, piga picha, na uhifadhi vitabu vya gari na risiti za zamani.

Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Land Rover kongwe zilizobaki kaskazini haziongezeki. Zinapungua tu, na baadhi hupungua mikononi mwa wenyewe wanaodhani wanaziokoa. Injini mpe fundi leo. Rangi ingoje hadi mwenye gari ajue vizuri anachotaka kukifuta.