Homa ya mtoto isisubiri chai ya artemisia

Mtoto akichemka usiku, baadhi ya wazazi huchemsha majani ya artemisia wakiamini wanatibu malaria. Ni kweli artemisinini, inayotumika kutengeneza dawa mseto, hutoka kwenye mmea huo. Tatizo ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alihisi kuchemsha kunaiharibu. Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa takriban nyuzijoto 35 tu, akafanikiwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Kikombe cha chai hakina dozi inayojulikana, na Shirika la Afya Duniani (WHO) haliishauri kutibu malaria. Mzazi, wahi kituo cha afya mtoto apimwe. Akikutwa na vimelea, apewe dawa mseto na amalize dozi.