Uhakiki wa kitabu ukikuonea

Wenzangu, siku revi itakapokiponda kitabu chako, usikimbilie kumtukana mhakiki. Caroline Elkins alitoa kitabu mwaka 2005 juu ya kambi za Waingereza huko Kenya wakati wa Mau Mau. Wanahistoria wengine wakamshambulia, eti ameamini mno maneno ya wazee walionusurika. Sisi wa agronomi tunaijua hiyo: mkulima akisema udongo umechoka, wanadai karatasi ya laboratwari.

Elkins akawasaidia wazee kortini London kama mtaalamu. Mwaka 2011 faili zilizofichwa Hanslope Park zikajitokeza. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Lakini si lawama zote zilikuwa uonevu. Elkins aliandika kwamba waliopotea wanaweza kufika 300,000. Mwaka 2007 John Blacker akahesabu vifo karibu 50,000. Hapo hesabu inajibiwa na hesabu, si kwa hasira.

Basi mwandikie mhariri barua fupi: sentensi ya mhakiki, halafu ukurasa wa kitabu unaoikanusha. Kama mhakiki ana ugomvi na wewe, utaje tu ukiwa na ushahidi mkononi.