Kisu cha Bowie: Mtihani wa chuma na moto

Katika wilaya ya Frederick, jimboni Maryland, yapata kilomita 70 kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani, aliishi mhunzi aliyekataa kuamini kwamba kazi ya kufua visu kwa nyundo imefikia mwisho wake. Jina lake ni William Moran, na alifariki dunia mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 80. Katika urithi aliouacha umo mtihani usio wa kawaida: mhunzi hutengeneza kisu kwa mikono yake, kisha hukikunja mwenyewe mbele ya mkaguzi.

Mpenzi msikilizaji, mfano wa kisu hicho ni kile kiitwacho Bowie. Jina latokana na James Bowie, aliyepata sifa katika mapigano ya tarehe 19 Septemba mwaka 1827, kwenye fungu la mchanga la mto Mississippi, karibu na Natchez. Alipigwa risasi na kuchomwa, lakini kisu chake kikubwa kilimwokoa. Aliuawa mwaka 1836 katika vita vya Alamo, huko Texas.

Kaka yake, Rezin Bowie, aliandika mwaka 1838 kwamba yeye ndiye aliyekibuni kisu cha kwanza. Kwa maelezo yake, bapa lake lilikuwa na urefu wa inchi tisa na robo, limenyooka, na lenye makali upande mmoja. Ncha iliyochongwa mgongoni kwa mkato uliopinda, ambayo leo ndiyo alama ya kisu hiki, ilienea baadaye. Mkato huo huifanya ncha iwe nyembamba na ipenye kwa urahisi, huku sehemu pana iliyo nyuma yake ikibaki na uzito wa kukata. Kati ya bapa na mpini huwekwa kipande cha shaba au chuma, ili vidole visiteleze na kufikia makali.

Hata hivyo, kitendawili kikubwa kimo ndani ya chuma chenyewe. Chuma kigumu hushika makali, lakini huvunjika kama kioo. Chuma laini hakivunjiki, lakini makali yake huisha upesi. Kisu kikubwa chahitaji sifa zote mbili.

Kwa hiyo wahunzi wengi huchagua chuma chenye nambari 5160, ambacho kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo. Ni chuma cha springi za magari, na mafundi wa Afrika Mashariki wanaofua mapanga kutokana na springi kuukuu wanakijua vyema chuma cha jamii hiyo. Chuma nambari 1095, chenye kaboni asilimia 0.95, hushika makali zaidi, lakini hakisamehe kosa la fundi anapokizimisha.

Bapa likishafuliwa hupashwa moto hadi sumaku isilivute tena, yaani nyuzi joto zipatazo 770 za Selsiasi, na kuzidi kidogo. Hapo huzamishwa katika mafuta. Wahunzi wengine huzamisha upande wa makali tu, ili mgongo ubaki laini. Kisha bapa hupashwa tena, polepole, kwa nyuzi zipatazo 200, lipungukiwe na wepesi wa kuvunjika.

Ndipo unapokuja mtihani. Mwaka 1976 Moran na wenzake watatu waliunda Chama cha Wahunzi wa Visu cha Marekani. Anayetaka daraja la ufundi hukata kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, huku ncha yake ya chini ikiwa huru. Kisha hukata mara mbili ubao wa ujenzi, na baada ya hapo sharti kisu kiweze bado kunyoa nywele za mkono. Mwisho, bapa hubanwa kwenye jiliwa na kukunjwa hadi nyuzi 90. Ufa mdogo kwenye makali husamehewa. Bapa likivunjika, mhunzi ameshindwa.

Daraja la juu lataka zaidi: chuma cha Damascus chenye matabaka yasiyopungua 300. Moran ndiye aliyewaonyesha Wamarekani ufundi huo mwaka 1973, baada ya majaribio mengi. Aina mbili za chuma huunganishwa kwa moto na nyundo, hukatwa na kukunjwa. Matabaka kumi yakikunjwa mara tano huwa 320. Tindikali huyaonyesha kama mawimbi.

Mpini nao una hadithi inayotugusa. Moran alipenda mti wa mepo wenye mawimbi, akiupamba kwa uzi wa fedha. Mafundi wengine hutumia mpingo wa Tanzania na Msumbiji, mti mzito unaozama majini na usiobadilika kwa unyevu. Lakini mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa kwa vibali. Marekani nayo ilikaza masharti ya biashara ya pembe za ndovu mwaka 2016, na mafundi wengi wakageukia mifupa na pembe za kulungu.

Basi kisu chaweza kufuliwa kwa siku chache, lakini kipini chake kimengojewa msituni kwa muda mrefu kuliko umri wa mhunzi. Mnunuzi anayeuliza habari za chuma hana budi kuuliza pia mti ule ulitoka wapi.