Breka ya Pampu ya Kidimbwi

Hapa mtaani kwetu Kisumu Ndogo sijaona nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea. Lakini baba, wajomba na kaka zetu wengi ndio wanaovitunza vile vya hoteli na vya majumba ya Waitaliano hapa Malindi. Wao ndio hutia klorini na kuwasha pampu, aghalabu miguu mitupu na mikono imerowa. Ndiyo sababu naandika juu ya kile kisanduku cha ukutani.

Ukikifungua utaona swichi zinazofanana kama pacha. Moja ni breka ya kawaida. Hiyo kazi yake ni kulinda waya usishike moto, haikulindi wewe! Breka ya ampea 16 huuachia umeme wote usiozidi hapo, na pampu ndogo hutumia kama ampea 5 tu. Moyo wa binadamu nao waweza kuvurugwa na sehemu moja ya kumi ya ampea. Mtu ataganda pale, na breka imetulia tu kana kwamba haioni.

Mlinzi wa mtu ni ile yenye kitufe cha T, iliyoandikwa RCD au RCCB. Hii ni kama mchungaji: mbuzi 10 wakitoka asubuhi, jioni lazima warudi 10. Stima huenda kwa waya mmoja ikarudi kwa mwingine. Ikirudi pungufu, kuna pahali imetorokea, pengine kupitia mwili wa mtu hadi ardhini. Upungufu ukifika miliampea 30, yaani ampea 0.03, swichi hujikata kabla ya nusu sekunde kwisha. Chombo cha namna hii kilitengenezwa na Henri Rubin huko Afrika Kusini mwaka 1955, kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Mwaka 1961 Charles Dalziel wa California akaunda kingine kinachonasa umeme mdogo zaidi.

Sasa huku kwetu pwani kuna chumvi hewani. Sili ya pampu ikichakaa, maji huingia kwenye mota. Masika nayo haina huruma. Basi swichi hujikata kila mara, maji ya kidimbwi yanageuka kijani, mwenye nyumba anafoka. Ndipo huitwa fundi wa vichochoroni, akapitisha waya pembeni ya swichi. "Si sasa inafanya kazi?" kaka mmoja jirani yetu aliniuliza. Naam, pampu yafanya kazi. Mchungaji ndiye aliyefukuzwa.

Ikijikata, kausha mikono, vaa viatu vya mpira, iinue mara moja tu. Ikianguka tena iache vivyo hivyo, aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, hata bosi akinuna. Kila mwezi, stima ikiwako, bonyeza kile kitufe cha T. Isipojikata, imekufa, na pampu isiwashwe hadi ibadilishwe.

Na ukimwona mtu ameganda majini karibu na taa au pampu, usimrukie, kwani mtakuwa wawili. Kimbia kwanza ukazime mein swichi, halafu ndipo umtoe.