Jua Lisilounguza: Hariri, Nywele na Macho ya Wazee Wetu

Sisi tuliotoka pwani tukahamia Nairobi tuna dhana moja tuliyokuja nayo, kwamba jua tumeliacha Mombasa. Asubuhi za Julai tunashuka kwenye matatu katikati ya jiji, tukitokea Kangemi au Kawangware, tumejitanda mashali juu ya sweta, na ni wachache wetu wakumbukao mwavuli. Dhana hiyo si sahihi, nayo imetugharimu.

Nairobi iko karibu na ikweta kama ilivyo Mombasa, lakini imeinuka kiasi cha mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, miale ya jua iitwayo urujuanimno huzidi kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Miale hiyo haionekani, wala haina joto la kuhisiwa. Kinachotutoa jasho ni miale mingine. Kwa hiyo baridi ya Nairobi hudanganya. Mwili haulalamiki, ilhali miale inafanya kazi yake, hata mawingu mepesi yakiwa yametanda.

Kazi hiyo tuliiona kwanza katika mtandio. Ulikuwa wa hariri nyeupe, ulionunuliwa Biashara Street, nasi tukautundika kando ya dirisha lipokealo jua la alasiri. Baada ya miaka miwili, upande ulioelekea kioo uligeuka manjano, na ulipovutwa kidogo ukapasuka kama karatasi. Upande wa pili ulikuwa mzima. Tulimsingizia nondo, kumbe ni jua. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale mikali zaidi ya urujuanimno, lakini iliyobaki hupenya.

Hariri ni protini, kama zilivyo sufu, nywele na kucha. Protini ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, uliokunjwa kwa mpango maalumu, na mpango huo ndio unaoupa uzi uimara wake. Miale inapofyonzwa, hukata baadhi ya viungo na kuviunganisha vingine mahali pasipostahili. Matokeo yake ni rangi ya manjano na uzi usio na nguvu. Leso zetu za pamba nazo hupauka, lakini katika nyuzi za asili hariri ndiyo inayowahi kuharibika.

Nywele zikiachwa wazi juani hupatwa na mambo kama hayo: hukauka, ncha hupauka, zikakatika upesi. Ngozi nayo hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo miale huzivunja mwaka baada ya mwaka mpaka makunyanzi yakajitokeza. Hata hivyo nywele huota, ngozi hujirekebisha kwa kiasi, na mtandio hununuliwa mwingine. Lenzi ya jicho haina bahati hiyo.

Nyanya yetu alikuja kuishi nasi baada ya kuuza mahamri kando ya barabara kwa zaidi ya miaka thelathini. Alianza kwa kusema kwamba herufi za msahafu zimepandwa na ukungu. Akasogea dirishani. Kisha tukamtafutia msahafu wa herufi kubwa. Mwishowe akaacha kuufungua kabisa, akawa anasoma zile sura alizohifadhi tu. Sisi tulisema ni uzee. Tulipomtajia hospitali alikataa: "Wajukuu zangu, jicho likiguswa ndiyo basi."

Kilichomlainisha ni yai. Tulikuwa jikoni naye, tukalipasua juu ya kikaango, tukamkumbusha anavyolijua: ute wa yai ni maangavu kama maji, lakini ukipata moto hugeuka mweupe, usione cha chini yake. Hakuna kilichoongezwa humo. Ni protini zilizokunjuka zikagandamana. Lenzi ya jicho nayo imejaa protini angavu, na zile za kiini chake zilifanyika tungali tumboni mwa mama zetu, wala hazibadilishwi hadi kufa. Kila jua la miaka sitini limepita humo. Taratibu protini hugandamana, nuru hutawanyika, na huo ndio mtoto wa jicho. Jua si sababu pekee: umri, kisukari, sigara na majeraha huchangia.

Yai lililoiva halirudi kuwa bichi. Ndiyo sababu hakuna dawa ya matone iliyothibitika kuliondoa tatizo hili. Tiba ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 11, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili alieleza jinsi ya kuufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye uwazi ndani. Leo upasuaji huu kwa kawaida hauchukui hata saa moja, jicho hutiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Upande wetu wa jiji iko hospitali ya macho ya Lions huko Loresho, na mbele yake kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu.

Nyanya alikubali. Bendeji ilipotolewa, jambo la kwanza alilolisema nyumbani ni kwamba kuta zetu ni chafu. La pili, aliomba msahafu wake.

Dada zetu, tusingoje hadi hapo. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri tubebe mwavuli, na watoto wavae kofia pana. Miwani ya jua iwe ile yenye alama ya UV400. Miwani myeusi isiyozuia miale hupanua mboni na kuikaribisha ndani. Hariri tuiweke kabatini. Na mzee akisema anaona ukungu, tusimjibu kwamba ni uzee. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, tumshike mkono, tumpeleke akaangaliwe.