Namna ya Kubaini Chanzo cha Kuchemsha katika HiAce ya Zamani

Injini ya Toyota HiAce ya kizazi kilichotoka mwaka 1989, ambayo imebeba abiria wa daladala na matatu kwa miaka mingi, imefungwa chini ya viti vya mbele, na kwa hiyo joto lake halina njia pana ya kutokea, wala fundi hauoni kwa urahisi uvujaji unapoanza. Kabla ya kulegezwa nati yoyote, inafaa iulizwe kwanza gari linachemsha likiwa katika hali gani, kwa kuwa jibu hilo huondoa nusu ya mashaka.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa linaposhika mwendo, feni ndiyo ya kushukiwa, kwa maana upepo wa safari unaifanyia kazi yake. Feni hiyo huzungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni, yaani kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni kinachokaza kadiri hewa itokayo kwenye rejeta inavyozidi kuwa ya moto; mafuta hayo yakivuja, feni huendelea kuzunguka kwa ulegevu, na anayeitazama hudhani ni nzima. Likichemsha mlimani likiwa na mzigo, mashaka huhamia kwenye rejeta yenyewe, ambayo mirija yake huzibwa na kutu na chumvi za maji ya kisima yaliyotiwa badala ya kulanti, kimiminika cha kupozea chenye dawa ya kuzuia kutu.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa bila sababu. Ukiwa mzima hushikilia shinikizo la takriban baa 0.9 juu ya lile la hewa, na maji yaliyo chini ya shinikizo hilo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119 za Selsiasi usawa wa bahari. Ukilegea, maji ya gari lililoko Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, mapema kuliko ya gari la Dar es Salaam.

Desturi ya kuing'oa thamostati, vali inayofunguka maji yakishapata moto, haifai kuitwa matengenezo, kwa sababu katika injini nyingi vali hiyo pia huziba njia ya mkato, na isipokuwepo sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kuipima ni rahisi: hutumbukizwa katika sufuria ya maji jikoni, ikaangaliwa kama inafunguka.

Gasketi ya silinda hedi hushukiwa mwisho, pale mipira ya rejeta inapokuwa migumu dakika chache baada ya injini baridi kuwashwa, mapovu yasiyokoma yanapoonekana mdomoni mwa rejeta iliyofunguliwa injini ikiwa bado baridi, au mafuta ya injini yanapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata hapo, hedi ikishafunguliwa hupimwa kwa rula iliyonyooka kabla ya gasketi mpya kuwekwa, kwa kuwa hedi iliyopinda huiunguza gasketi hiyo pia.