Mjue Panya Wako Kabla ya Kununua Sumu

Leo tuiache habari ya mbolea, tuzungumze habari ya yule anayekula mbegu yako usiku na wewe umelala. Ukipita Mkinga, Muheza, Pangani au Handeni wakati wa kupanda, kila aliyefukuliwa mahindi yake husema neno moja tu: "Panya!" Halafu huyo, dukani kununua sumu. Mimi nauliza, panya yupi?

Swali hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa ubwana shamba, mzee mmoja upande wa Pangani alinieleza kuwa vitale vya minazi yake vinatobolewa na kuanguka. Nami, kwa ujuzi wa darasani, nikamwambia atie chambo chenye sumu katika kila shimo la shambani. Akatia. Wiki ile ile kuku wake wawili wakafa, na vitale vikaendelea kuanguka. Kumbe mwizi hakuwa shimoni hata kidogo. Alikuwa juu ya mnazi, kiota chake kimo katika makuti, anatutazama tu.

Basi tuanze na hao wawili, maana ndio wanaochanganywa sana. Yule wa juu ni panya wa darini. Huyu ni mgeni, aliletwa na vyombo vya baharini kutoka Asia tangu zamani. Ni hodari wa kupanda: dari, ukuta, kamba, mnazi, vyote kwake ni barabara. Masikio yake ni makubwa na membamba, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili wote pamoja na kichwa. Wa pili ni panya shamba, mwenyeji wetu hapa Afrika. Ni mdogo zaidi, mara nyingi gramu 40 hadi 80, manyoya ya kahawia-kijivu, na mkia wake ni sawa na mwili au unapungua kidogo.

Ukimnasa mmoja na umeshahakikisha amekufa, vaa mfuko wa nailoni mkononi, kisha uukunje mkia wake kupitia mgongoni kuelekea kichwani. Ukipita pua, huyo ni wa darini. Ukiishia puani au kabla ya pua, ni panya shamba. Kama ni jike, mgeuze uhesabu chuchu. Wa darini ana jozi tano au sita. Panya shamba ana jozi nane hadi kumi na mbili, yaani chuchu zinaweza kufika 24!

Hizo chuchu ndizo habari yenyewe, ndugu mkulima. Panya shamba hubeba mimba siku 23 tu, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja si ajabu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, na wameona kwamba uzazi wake hufuata mvua. Vuli ikiwa nzuri, majani na mbegu za porini zikawa tele, huanza kuzaa mapema, na ikifika masika wamejaa kila kichaka. Kwa hiyo vuli ikinyesha sana, furahi, lakini anza na kufyeka.

Alama zake shambani ni hizi. Anafuata mstari wa mbegu, anachimba kishimo kidogo pale pale ulipofukia, anakula kiini na kuacha maganda. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda mpaka kama wiki mbili, mche ukishashika. Lakini angalia saa. Ukikuta mbegu zimefukuliwa mchana, kati ya asubuhi na jioni, usimsingizie panya. Huyo huenda ni kuchakuro, mwenye mkia wa manyoya mengi, au kanga na kunguru. Panya shamba ni mtu wa usiku.

Wako na wakubwa zaidi. Panya buku anaweza kufika kilo moja na zaidi, ana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula, na mkia wake ni mweusi kwa nyuma na mweupe nchani. Huyo huzaa watoto wachache, kwa hiyo mtego wa nguvu unamtosha. (Tena msimdharau. Pale Morogoro panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu; mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia.) Ndezi yuko matetini kando ya mito. Ni mnene, manyoya magumu, mkia mfupi, na hukata miwa, mpunga na mahindi karibu na ardhi, akiacha vipande vipande. Wenyewe mnamjua, maana nyama yake haitupwi. Muhogo ukiliwa kutoka chini na juu kuna vichuguu vya udongo mpya, huyo ni fuko, asiyeonekana masikio na meno yako nje ya midomo. Muhogo ukifukuliwa kutoka juu na miba imeachwa, sina haja ya kumtaja.

Wote hao ni wagugunaji: meno mawili ya mbele juu na mawili chini, makali kama patasi, yanayokua maisha yote. Sasa kuna mnyama mdogo mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, kirukanjia. Watu humwua wakidhani ni mtoto wa panya. Mfungueni kinywa, hana patasi. Yeye anakula wadudu. Sange naye ni hivyo hivyo. Na bundi, mnayemtupia mawe kwa kuogopa uchuro, chakula chake kikubwa ni panya. Hapo mimi nasema tunajionea wenyewe.

Haya, dawa ni ipi? Kwa panya wa darini juu ya minazi, zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 30 hivi, kiasi cha mita mbili kutoka chini, asipate pa kushika kucha. Lakini kwanza safisha makuti makavu, na kama makuti ya minazi miwili yanagusana, bati halisaidii. Atavuka kama daraja. Kwa panya shamba, fyeka vichaka pembeni mwa shamba, na mtege au mtie sumu kabla ya kupanda, si baada ya kulia. Tena fanyeni pamoja, majirani wote kwa siku moja. Ukitega peke yako, wa jirani watahamia kwako kabla mahindi hayajaota. Sumu mwulize bwana shamba wa kata, na chambo kifichwe mashimoni au ndani ya vipande vya mianzi, mbali na watoto na kuku. Mzee wa Pangani atawaambia.

Panya aliyekufa msimshike kwa mkono mtupu. Mkojo wake unaweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyotokea Lindi mwaka 2022. Na ndugu zetu wa Lushoto hawajasahau tauni, iliyoanza kule mwaka 1980 na kuwapata watu zaidi ya 7,000 katika miaka iliyofuata. Viroboto humwacha panya akishapoa, wakatafuta mwili wenye joto. Mkiona panya wanakufa ovyo nyumbani na hamjatega wala kutia sumu, nendeni zahanati siku hiyo hiyo mkatoe taarifa.

Kwaherini.